Sikio la Kushoto na Usingizi wa Mchana

Kelele ile ilianza siku waliponitoa dripu ya kwinini. Nilikuwa nimelazwa kwa malaria siku nne, na kila aliyewahi kutundikiwa dawa ile anajua masikio yanavyovuma, unakuwa kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi. Hilo halikunitisha. Wodi nzima tulikuwa tunaongea kwa kupayuka, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye kiziwi. Nesi akasema nendeni nyumbani, itakwisha yenyewe. Ya sikio la kulia ikaisha kweli. Ya kushoto haikuisha.

Ilikuwa miaka ya tisini, simu za mkononi hazijafika kwetu Mpanda. Nilikuwa nakaa Ilembo kwa mwanangu wa kwanza na mke wake, mimi mjane. Mahindi yalishaingia ndani, karanga zimeng'olewa, kazi ya mchana ilikuwa kukaa barazani na kumenya. Basi pale barazani, watu wakinyamaza, ndipo nililisikia sawasawa. Lilikuwa limeacha kuvuma kama mtungi. Lilikuwa linalia sauti nyembamba, nyiii, kama nyenze wa kiangazi, ila nyenze hupumzika. Hili halikupumzika.

Sasa, kwetu sikio halilii bure. Bibi yangu mzaa mama alitufundisha tukiwa wadogo: sikio likilia, shika ndewe kwa vidole viwili, uanze kuita majina ya damu yako, mmoja mmoja, tangu wa kwanza. Jina litakalolinyamazisha, huyo ndiye anayekuita. Likilia la kulia, anakutaja kwa heri. La kushoto, yuko kwenye shida. Siku zote lilikuwa jambo dogo. Sikio linalia muda wa kumeza mate mara mbili tatu, unaita watu wawili, linanyamaza, unasema loo, fulani ananisema, unaendelea kutwanga. Hakuna aliyetufundisha la kufanya kama sikio halinyamazi.

Mimi nimezaa tisa. Wawili walirudi wakiwa wachanga, saba wakakua. Majina yao nayajua yote, ya ubatizo na ya nyumbani, na ya wakunga waliowapokea, na ya wajukuu wote na mama zao. Hapa sitayaandika. Mwaka ule niliyaita mno, acha yapumzike. Wale wawili nao nilikuwa nawaita, kila mmoja kwa zamu yake, maana ukimruka mtoto aliyekufa ni kama umemzika mara ya pili.

Wa tisa, kitinda mimba wangu, alikuwa ameolewa Sibwesa, kwenye familia ya Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Watu wema, sina neno nao. Lakini mimba yake ya kwanza ilitoka, na ya pili ilitoka. Wakati ule alikuwa na ya tatu, na habari ya mwisho niliyopata, kwa mtu aliyekuja kuuza jogoo, ni kwamba tumbo limeingia mwezi wa saba. Toka hapo kimya.

Basi nikawa nafanya hivi. Baada ya kula, natandika mkeka barazani, najilaza kwa ubavu wa kulia, sikio bovu linabaki juu, nalishika ndewe, naanza. Wa kwanza, nyiii. Wa pili, nyiii. Yule aliyerudi, nyiii. Wa tano yuko Magamba analima, nyiii. Hivyo hivyo, polepole, kila jina nalipa nafasi yake. Nafika kwa wa nane. Nafika kwa wa tisa. Kimya.

Halafu naamka. Jua limeshahama kutoka barazani, mate yamekauka mdomoni, na sikio linapiga kelele kupita nilivyoliacha, kama mtu amesimama kichwani kwangu anapuliza filimbi hataki kuitoa mdomoni. Na mimi nakumbuka vizuri kabisa liliponyamaza. Lilinyamaza kwa kitinda mimba.

Siku ya kwanza nilijiambia ni bahati mbaya. Siku ya pili likanyamaza palepale. Siku ya tatu palepale. Siku ya nne nilikuwa naogopa kufika jina la nane.

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, ni mtu wa mdomo. Alipita na ungo wake akanikuta nimeketi.

"Mama, mbona unashika sikio kama mtoto aliyechapwa na mwalimu?"

"Linalia."

"Si walisema ni kwinini?"

"Kwinini gani inayojua mtoto wangu yuko wapi?"

Akaweka ungo chini. Nikamweleza. Hakucheka, na kwa mtu kama yule kutocheka ni jambo zito. Akasema, "Basi usilale mchana. Kama linakuambia ukilala, usilale."

Nikaacha kulala mchana. Nilitafuta kazi zote za dunia. Nilitwanga mahindi ambayo hayakuhitajika, nikafagia uwanja mara mbili, nikaenda kuteka maji ndoo ikiwa bado imejaa. Wakati natwanga, sikio lilijificha nyuma ya mchi, nikawa nalisikia kwa mbali. Nikiacha tu, linarudi. Na usiku ulipokuja, mwili ulikuwa umechoka lakini kichwa hakitaki. Nililala kwa vipande. Asubuhi kelele ilikuwa kubwa kuliko jana yake, na kesho yake kubwa kuliko leo. Nikawa mtu wa kushtuka. Kuku akiruka, nashtuka. Baiskeli ikipiga kengele barabarani, naacha kila kitu natazama kama ni mtu wa kutoka Sibwesa.

Mwanangu akanipeleka zahanati. Yule daktari alikuwa kijana, akanitazama sikioni kwa tochi, akauliza maswali mengi, halafu akauliza jambo ambalo sikulitegemea: "Bibi, unalalaje?"

Nikamwambia. Ukilala mchana linapiga, usipolala linapiga zaidi.

"Ndivyo lilivyo," akasema. "Dawa yake sina, bibi, nisikudanganye. Lakini nimewaona wenzako. Mtu akikosa usingizi wa usiku, linakua. Akilala mchana usingizi mrefu, akiamka linampigia kelele. Kwa nini, sijui, waliosoma kuliko mimi nao wanabishana. Wewe lala usiku ushibe. Mchana jinyooshe kidogo tu, chai ikichemka uwe umeshaamka. Na usikae kwenye kimya, washa redio."

"Sasa mjukuu wangu, nilale au nisilale?"

"Lala, lakini usilale sana."

"Hiyo ni dawa au kitendawili?"

Akacheka, na mwanangu akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa namtazama nafikiri: huyu anasema habari za sikio, hajui habari za mtoto. Kwangu vilikuwa vitu viwili, na cha pili ndicho kilichokuwa kinanila.

Njiani kurudi nikamwambia mwanangu naenda Sibwesa.

Mke wake ndiye aliyenikatalia. Alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akaniambia kwa heshima lakini bila kupepesa. "Mama, utakwenda kumwambia nini? Yule ameshapoteza mbili. Utamwambia sikio lako limesema yuko kwenye shida? Mimba ya tatu itasimama na maneno hayo?"

Neno hilo liliniingia. Nilikaa nalo siku nzima. Nisipokwenda, na jambo likatokea, nitajiambia nini, nami niliitwa kila siku nikaambiwa? Na nikienda, je kama ni mimi ndiye nitakayeipeleka hiyo shida kwa miguu yangu mwenyewe, kama mtu anayebeba kaa la moto kwenda kuangalia kama nyumba ya mwenzake inaungua?

Mwishowe nikamwahidi mkwe wangu: nitakwenda, sitasema. Nitasema nimeleta karanga.

Nilipanda lori lililokuwa linakwenda kuchukua mahindi. Lori lilikuwa na ngurumo ya kutosha kuua masikio yote mawili, na ajabu, humo nilipata nafuu. Juu ya magunia matupu nililala fofofo mpaka utingo akaniamsha, "Bibi, Sibwesa, au tukurudishe Mpanda?" Nilipokanyaga chini na injini ikaondoka, kimya kikashuka, na nyiii ikarudi.

Kitinda mimba wangu nilimkuta uwanjani amekaa kwenye kigoda, miguu imevimba, tumbo liko mbele yake kama mtungi wa maji. Hai. Nilimshika mikono yote miwili, sikutaka kuiachia. Nikawa namwangalia macho, kucha, midomo, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mama, kuna msiba?"

"Msiba wa nini? Nimeleta karanga."

"Umepanda lori kuleta karanga?"

"Karanga za mwaka huu ni tamu."

Mama wa mkwe wangu, yaani mama yake huyo mume wa mwanangu, alikuja anapangusa mikono kwenye kanga. Mwanamke mrefu, mkubwa kwangu kidogo, anaongea kama anaita ng'ombe ng'ambo ya mto. Sikio langu lilimshukuru. Aliniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. "Mayu! Karibu, mayu! Mbona macho mekundu hivyo, nyie wa mjini mmeanza kuvuta bangi?"

Kwa desturi mimi siwezi kulala nyumba ya mkwe wangu, chini ya paa moja na mwanaume aliyemwoa binti yangu. Wenzangu hawa nao wanaishika desturi hiyo. Wakanitengea kibanda cha pembeni, kilichoegemea zizi. Nikafikiri, sasa usiku wa leo sitafumba jicho.

Ng'ombe wao madume wanavaa kengele shingoni. Usiku wakilala wanacheua, na kila wakigeuza shingo kengele inagonga, moja hapa, nyingine kule, bila mpango, kama watu wanaokula kwenye masufuria jikoni. Nilijilaza nikalishika sikio. Wa kwanza. Wa pili. Kengele zikaingia katikati ya majina, nikapoteza hesabu, nikaanza upya, nikapoteza tena. Nilipofumbua macho kulikuwa kweupe, ng'ombe wanatoka. Usiku mzima! Nikakaa kitako kusikiliza. Lipo, lakini dogo, la kulitafuta.

Nikalala hivyo siku tano. Nikaanza kuwa mtu. Mchana tu ndio ulikuwa mbaya, maana ng'ombe wanakwenda malishoni na kengele zao, na kibanda kinabaki kimya kama kaburi. Sikuthubutu kulala. Lakini siku ya sita joto lilikuwa kali, tulikuwa tumekula ugali na maziwa ya mgando, nikajinyoosha kwenye ngozi kivulini karibu na mwanangu, mkono ukaenda sikioni wenyewe. Sikujua kama natoa sauti.

Niliamka na filimbi kichwani. Mwanangu ananitazama.

"Mama, kwa nini unatuita?"

"Nani kawaita?"

"Unatuita wote. Mpaka marehemu. Ukafika kwangu ukaanza kukoroma."

Nilitaka kusema uongo. Nilikuwa nimeahidi. Lakini uso wake ulishabadilika, alishaelewa kwamba jambo lipo, na jambo usiloambiwa linamea kuliko uliloambiwa. Nikamweleza. Nilipofika kwenye jina lake nikaona mkono wake unakwenda tumboni, nikajua nimevunja nilichokuja kulinda.

Alijiinua akakaa vizuri. Halafu akasema, "Kila siku linanyamaza kwangu?"

"Kila siku."

"Na kila siku unaanza na kaka."

"Tangu wa kwanza. Ndivyo inavyoitwa."

"Mama, sikio halijanyamaza. Umelala. Mimi ni wa tisa, nani anaweza kuhesabu watu tisa baada ya ugali bila kulala?" Midomo ilikuwa inatetemeka, sijui kwa kicheko au kwa nini. "Kesho anza na mimi. Tuone sikio litamkamata nani."

Nikamwambia bibi yangu hakutufundisha kuita kinyumenyume. Akasema bibi yako hakuwa na sikio kama lako.

Kesho yake, mchana uleule, ngozi ileile, nikaanza na wa tisa. Nilisikia aibu, kama navaa nguo mbele nyuma. Wa tisa, nyiii. Wa nane, nyiii. Nikarudi nyuma mpaka kwa kaka yao wa kwanza, yule niliyemwacha Ilembo mzima kama jiwe. Kimya. Nilipoamka mwanangu alikuwa anacheka mpaka machozi, amejishika tumbo. "Kaka anakufa, mama! Panda lori!"

Na mimi nikacheka. Lakini sitawadanganya. Niliona, nikaelewa, na bado moyo wangu uliruka kwenda Ilembo. Kwa muda wa kumeza mate nilimwona mwanangu wa kwanza amelala na shuka usoni. Hofu ikishazoea njia, ukifunga mlango huu inapita ule.

Uchungu ulimshika siku ya tisa ya kukaa kwangu, asubuhi, ng'ombe wakitolewa. Mumewe alikwenda kufunga maksai kwenye mkokoteni ili tumpeleke zahanati, lakini mkunga wa pale alipomshika tumbo akasema hakuna safari, mtoto yuko mlangoni. Wakamwingiza nyumba ya mama mkwe wake. Nikaingia nami. Nilimshika kichwa. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka, akawa anaangalia mikono badala ya kumsikiliza mkunga.

Mama mkwe wake akanishika bega, akaniongoza nje kama ndama. "Mayu, nenda kapumzike. Unamtisha. Hapa sisi tupo. Hata mimi kwa binti yangu walinifukuza."

Nilikwenda kibandani. Hakuna kengele hata moja. Nilikuwa sijalala usiku ule, nilihisi jambo linakuja. Nikajilaza kwa ubavu wa kulia, ili nisisikie akilia, nasema ukweli. Sikio zima nililikandamiza kwenye ngozi, bovu likabaki juu. Nikaanza kuita, bila kujua nimeanza na nani. Kimya.

Niliamka jua limeinama. Filimbi ilikuwa imejaa kichwa kizima, sijawahi kuisikia hivyo kabla wala baadaye. Na ndani ya filimbi, au nyuma yake, kulikuwa na sauti za wanawake. Nyembamba, za juu, zinapanda. Nikakaa kitako. Vigelegele hupanda. Na kilio cha msiba nacho hupanda. Siku nyingine zote za maisha yangu nilijua hiki ni hiki na kile ni kile, mtoto mdogo anajua. Siku ile sikujua. Sikio lilizifanya zote kuwa nyiii moja.

Nikachungulia kwenye upenyo wa ukuta wa fito. Nilimwona mama mkwe wake anapita nyuma ya ua wa matete. Ua ulimkata usawa wa mabega na paa langu la nyasi likamkata kichwa. Nilichoona ni viwiko viwili vimeinuliwa juu. Mikono miwili kichwani. Sisi wote tunajua mwanamke anaweka mikono miwili kichwani kwa sababu gani.

Sikutoka. Niliwahi kuwa mtu wa kukimbilia jambo, siku ile nilibaki pale ngozini. Mkono wangu ulikwenda sikioni, nikauondoa. Niliogopa kuita jina lake lisije likanyamaza. Nilikaa nimeshika mikono yangu yote miwili mapajani ili isiende popote. Nilimwambia Mungu, kama ni mmoja, mwache mama. Halafu nikaona nimechagua, nikaogopa zaidi.

Mlango ukafunguka, akasimama mama mkwe wake. Mdomo unakwenda, sisikii. Nikamgeuzia sikio la kulia.

"Sema hapa!"

"Nasema amka, mayu! Watu wanazaa, wewe unakoroma! Nimekuja mara mbili!"

"Mtoto?"

"Husikii anavyolia? Amewashinda ndama!"

"Na mama yake?"

"Anauliza uji."

Nikamwambia, mbona ulishika kichwa. Alinitazama kama ninaota bado. Mikono yake ilikuwa imelowa mpaka kwenye viwiko. Kumbe alikuwa amebeba kichwani beseni la maji ya moto.

Nilipoingia, mwanangu alinitazama mikono kwanza. Ilikuwa imetulia, sijui kwa nini, pengine ilikuwa imeishiwa. Akanipa mtoto. Wa kike. Nikamweka upande wa kushoto, kichwa chake kidogo kwenye sikio bovu, akalia, na kwa muda ule wa kulia kwake sikusikia kitu kingine.

Wenzangu wale wakaniheshimu, wakaniachia mimi nitoe jina. Nikalitoa.

Nilirudi Ilembo mtoto alipomaliza mwezi. Sikio halijapona mpaka leo. Nimefuata maneno ya yule kijana wa zahanati: usiku nalala na redio chini ya kitanda kwa sauti ndogo, mkwe wangu analalamika betri. Mchana najinyoosha kidogo, yeye anamenya karanga zake karibu yangu na kuniamsha kwa mguu. "Mama, chai imechemka." Nikipitiliza, naamka na filimbi, najua kosa ni la usingizi.

Na bado naita. Siwezi kuacha, ndiyo njia yangu ya kuingia usingizini. Tangu siku hizo waliongezeka wakawa kumi, kwa kuwa yule mjukuu wa Sibwesa nilimweka mwishoni, nyuma ya mama yake. Sikio sasa linanyamaza kwake. Najua ni usingizi. Nilishajaribu kinyumenyume, niliona kwa macho yangu. Lakini nikiamka mchana, kabla sijanawa uso, naulizia barazani: kuna mtu aliyetoka Sibwesa leo?